Nani Alipe Handaki la Boston?

Paukwa! Pakawa!

Hadithi njoo, utamu kolea. Uongo leo ubaki nyumbani, wajukuu zangu, kwa sababu hadithi hii ni ya kweli mwanzo hadi mwisho. Wahusika wake ni magavana, wabunge, madereva wenye hasira, na handaki moja lililomeza fedha kuliko zimwi yeyote niliyewahi kuwasimulia.

Mji ni Boston, jimbo ni Massachusetts, kaskazini mashariki mwa Marekani. Kule kila jimbo lina gavana wake, bunge lake na hazina yake. Serikali kuu ya Washington hutoa fungu lake la barabara, lakini lami ikibanduka, wa kwanza kulaumiwa ni gavana.

Tuanze mwaka 1952. Jimbo lilitaka barabara kubwa kutoka mpaka wa New York hadi karibu na Boston, ila fedha hazikuwapo. Likaunda chombo maalumu, Mamlaka ya Turnpike, likakipa ruhusa ya kukopa. Mamlaka ikauza hati fungani, yaani karatasi za deni: wewe unanipa fedha zako leo, mimi nitakurudishia kidogo kidogo pamoja na faida. Barabara ikafunguliwa mwaka 1957, karibu kilomita 200. Enzi hizo ukiingia ulipewa tiketi, ukitoka uliikabidhi kibandani na kulipia umbali uliokwenda. Wenzetu waliovuka Daraja la Kigamboni wanajua habari ya kusimamishwa na kulipa kabla ya kupita. Ahadi ilikuwa moja na kila mtu aliisikia: deni likiisha, tozo zitaondolewa.

Ishikeni ahadi hiyo. Tutakutana nayo tena.

Katikati ya Boston kwenyewe kulikuwa na balaa jingine. Mwaka 1959 ilikamilika barabara ya juu, imebebwa na vyuma vya rangi ya kijani, ikapasua mji vipande viwili. Maelfu ya watu walikuwa wameshavunjiwa nyumba ili kuipisha. Ilijengwa kwa magari 75,000 kwa siku, lakini ilipofika miaka ya 1990 ilikuwa ikibeba karibu 200,000. Foleni ilikuwa ya asubuhi, ya mchana na ya jioni.

Hapo anaingia Fred Salvucci, mhandisi, kijana wa Brighton, mtaa wa Boston. Bibi yake alikuwa bibi kama mimi, na aliondolewa nyumbani kwake Turnpike ilipokuwa ikisogezwa kuingia mjini. Mjukuu hakusahau. Alipokuja kuwa waziri wa usafiri wa jimbo, akashikilia wazo ambalo wengi waliliona la kichaa: barabara ile ya juu ishushwe chini ya ardhi, mji ukiwa unaendelea na shughuli zake juu, na isivunjwe nyumba ya mtu. Mwaka 1987 Rais Ronald Reagan aliukataa muswada wa fedha za barabara uliokuwa na mradi huo ndani yake. Kongresi, yaani bunge la Washington, ikapiga kura kumpinga. Katika Seneti kura zilikuwa 67 kwa 33, na zilizohitajika ni 67 hizo hizo. Seneta mmoja angebadili nia, handaki lisingechimbwa.

Likachimbwa kuanzia mwaka 1991. Watu wakaliita Big Dig, yaani Chimbo Kubwa. Makadirio ya awali yalikuwa dola bilioni 2.8. Lilipokamilika, mwishoni mwa mwaka 2007, lilikuwa limegharimu karibu bilioni 15. Karibu na mwisho wa safari hiyo, Julai 2006, vipande vya zege vya dari ya handaki viliangukia gari na kumuua mama mmoja aliyekuwa abiria. Gundi iliyoshikilia vyuma vya dari ilikuwa si ya kubeba mzigo ule kwa muda mrefu. Hilo nalitaja haraka, si kwa sababu ni dogo, bali kwa sababu hadithi yangu ni ya bili.

Bili ililipwa na nani? Washington ilitoa sehemu kubwa, lakini ilipoona gharama zinapanda ikaweka kikomo. Kilichobaki kikalirudia jimbo. Na jimbo, kama mdaiwa anayejificha nyuma ya mlango, likasukuma sehemu ya deni kwa Mamlaka ya Turnpike. Kuanzia mwaka 1997 Mamlaka ilikabidhiwa mahandaki ya mjini, na deni lake lililotokana na Big Dig likapita dola bilioni 2. Sehemu nyingine ikatupiwa MBTA, shirika la treni na mabasi ya Boston, ambalo nalo lilikuwa hoi.

Sasa sogeeni karibu, maana hapa ndipo penye utamu.

Mchukueni dereva wa mwaka 2008 anayeishi Framingham, magharibi ya Boston. Asubuhi anapanda Turnpike kwenda kazini. Anafika Weston, anasimama, analipa dola 1.25. Anafika Allston, anasimama tena, dola 1.25 nyingine. Jumla dola 2.50, na jioni bado hajarudi. Fedha hiyo inakwenda kulipa deni la handaki la mjini.

Mchukueni na mwenzake anayeishi Quincy, kusini, au Medford, kaskazini. Huyu anakuja kwa barabara namba 93. Anaingia moja kwa moja ndani ya handaki jipya, lile lile la mabilioni, anatoka upande wa pili, na hakuna kibanda hata kimoja. Halipi hata senti.

Najua kuna mmoja wenu keshanyoosha mkono. Kwa nini wasiweke vibanda kwenye namba 93? Kwa sababu barabara ile ilikuwa ya bure tangu zamani, watu wake ni wengi, na watu hao hupiga kura. Kuongeza tozo pale ilipokwishazoeleka ni rahisi kuliko kuianzisha mahali papya. Tena sheria ya Marekani huzuia kwa kawaida kuweka tozo kwenye barabara kuu za kitaifa ambazo hazikuwa nayo.

Basi Novemba 2008 bodi ya Turnpike, imebanwa na wadai, ikapiga kura ya awali kupandisha: Weston na Allston kutoka dola 1.25 hadi 2, na mahandaki ya kutoka uwanja wa ndege kutoka dola 3.50 hadi 7. Mara mbili! Watu wa magharibi na wa East Boston, upande wa uwanja huo wa ndege, wakapandwa na mori. Wakauliza kwa nini wao peke yao wabebe mzigo wa mji mzima. Ukweli usemwe, walikuwa na haki.

Gavana wakati huo alikuwa Deval Patrick. Februari 2009 akaja na dawa nyingine: kodi ya mafuta ipande kwa senti 19 kwa galoni, ambayo ni lita kama 3.8. Ingekuwa kodi kubwa ya mafuta kuliko ya jimbo lolote Marekani. Hoja yake ilikuwa kwamba kila anayeendesha gari anachakaza barabara, basi kila anayejaza tangi achangie, awe wa Framingham au wa Quincy. Sehemu ya fedha izuie tozo kupanda, sehemu iokoe treni na mabasi.

Wabunge wakashika vichwa. Uchumi ulikuwa umeporomoka na watu wanapoteza kazi. Na bei ya mafuta, wajukuu, ndiyo bei pekee inayoandikwa barabarani kwa tarakimu kubwa kuliko jina la duka, kila dereva anaisoma akipita. Therese Murray, Rais wa Seneti ya jimbo, akasimamia msemo wa mageuzi kwanza, mapato baadaye. Alikuwa na sababu. Barabara za jimbo zilikuwa na idara yake, Turnpike ilikuwa na mamlaka yake, kila mmoja na wakubwa wake na malipo yake. Mfanyakazi wa MBTA aliweza kustaafu na pensheni baada ya miaka 23 tu, hata kama bado ana nguvu za kucheza mpira.

Mageuzi yakapita. Gavana akasaini sheria mwezi Juni 2009, na tarehe 1 Novemba Mamlaka ya Turnpike ikafa. Kazi zake, pamoja na za idara ya barabara na ofisi ya leseni za magari, zikawekwa chini ya idara moja inayoitwa MassDOT. Utaratibu ule wa miaka 23 ukafutwa kwa wafanyakazi wapya.

Lakini deni halikufa pamoja na Mamlaka. Deni huhama tu jina. Mapato yakatoka wapi? Wabunge hawakugusa mafuta wala hawakuruhusu tozo kupanda. Walipandisha kodi ya mauzo kutoka asilimia 5 hadi 6.25, kuanzia Agosti 1, 2009, na kutenga sehemu yake, dola milioni 275 kwa mwaka, kwa ajili ya usafiri.

Pigeni hesabu nami. Kijana asiye na gari ananunua baiskeli ya dola 200. Zamani alilipa kodi dola 10, sasa analipa dola 12.50. Ameongezewa dola 2.50, kiasi kile kile alicholipa dereva wetu wa Framingham asubuhi ile, na sehemu yake inakwenda kwenye barabara na mahandaki ambayo baiskeli hairuhusiwi hata kuyasogelea. Je, aliandamana? Hakuandamana. Hakuona kitu, maana kodi ilijificha chini ya risiti. Mimi naona gavana alikuwa mkweli zaidi kuliko bunge lake. Kodi ya mafuta ilikuwa chungu, lakini ilimfuata anayetumia barabara.

Kodi ya mafuta nayo ina ugonjwa wake. Hutozwa kwa senti kadhaa kwa galoni, si kwa asilimia ya bei. Vitu vikipanda bei, senti hubaki zile zile. Saruji ghali, lami ghali, mishahara imepanda, lakini pampu inatoa kilekile. Serikali ya Washington inatoza senti 18.4 kwa galoni tangu mwaka 1993 na haijaongeza tena. Juu ya hapo magari ya siku hizi yanakunywa mafuta kidogo, na ya umeme hayanywi kabisa.

Mwaka 2013 bunge la Massachusetts likajaribu tiba. Likaongeza senti 3, kodi ikafika senti 24, kisha likaamua kwamba kuanzia hapo ipande yenyewe kila mwaka kufuata mfumuko wa bei. Waliopinga wakakusanya saini na kuipeleka kwa wananchi kwenye kura ya maoni ya Novemba 2014. Walisema kodi isipande bila mbunge kusimama, kupiga kura na kujulikana jina. Asilimia 53 wakakubaliana nao. Upandaji wa kila mwaka ukafutwa. Hoja yao ilikuwa nzuri, nakiri. Ila wabunge hawakuwa na haraka ya kusimama na kujulikana majina, na kodi ikabaki pale pale kwenye senti 24.

Na ile ahadi ya mwaka 1952? Kweli mwaka 1996 tozo za magari madogo ziliondolewa kwenye sehemu ya magharibi ya mbali. Mwaka 2013 zikarudishwa. Oktoba 2016 vibanda vikazimwa na baadaye kubomolewa, kazi ya wakusanyaji wa tozo ikaisha, na juu ya barabara vikawekwa vyuma vyenye kamera na vifaa vya kusoma kitambulisho cha kielektroniki kilichomo ndani ya gari. Gari halisimami tena, fedha inakatwa kimyakimya. Mwaka 2017, uliokuwa umengojewa kuwa mwisho wa deni la zamani la magharibi, ukafika. Tozo zikabaki, zikielezwa kuwa za matengenezo.

Na sisi je? Kwetu hotuba za bajeti husomwa mwezi Juni. Mwaka huu msizime redio zikifika kwenye mafuta. Sikilizeni ni shilingi ngapi kwa lita zimetengwa kwa barabara, muandike kwenye daftari, kisha mkamuulize mbunge wenu barabara hizo ni zipi na nani hazilipii.