Bei elekezi haijazi ghala

Kila bidhaa inapoadimika, neno la kwanza kusikika ni "walanguzi". Tangu Buswelu, yaliko makao makuu ya Manispaa ya Ilemela, hadi mialo ya Ukerewe, Ukara na Kome, lawama humwangukia mwenye duka. Sisi hatuna nia ya kuwatetea walanguzi. Lakini yatupasa kujiuliza mlanguzi huipata wapi nguvu yake.

Tuchukue mfano wa sukari. Mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 2023 zilizuia uvunaji wa miwa, na viwanda vikashindwa kuzalisha kama ilivyotazamiwa. Januari 2024 Bodi ya Sukari ilitangaza bei elekezi ya rejareja, kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo kwa kutegemea mkoa. Hata hivyo, sehemu nyingi za nchi wananchi waliinunua kwa shilingi 4,000 na zaidi. Tangazo lilikuwapo, sukari haikuwapo.

Sababu haina fumbo. Pakiwa na mifuko kumi na wanunuzi mia, wapo walio tayari kulipa zaidi ya bei iliyotangazwa. Tofauti hiyo haipotei bali huingia mfukoni mwa mtu. Mwenye duka akiuza kwa bei ya Serikali, mnunuzi wa kwanza huweza kubeba mzigo wote akauuze tena kwa bei ya kuruka. Na mwenye duka aliyeuziwa ghali na mfanyabiashara wa jumla hawezi kuuza rahisi bila kufilisika. Kisiwani mambo huzidi: nauli ya chombo na ujira wa wapagazi huongezwa juu ya bei, na mnunuzi hana mtaa wa pili wa kukimbilia.

Wala si jambo la nchi maskini peke yake. Septemba 2020 kampuni ya Nvidia ya Marekani ilitoa RTX 3080, kadi ya kuchorea picha katika kompyuta, kwa dola 699. Wacheza michezo ya kompyuta na wachimbaji wa sarafu za kidijitali waliigombania, viwanda vikazidiwa, na walanguzi wakaiuza hata kwa zaidi ya maradufu. Bei ilikuja kushuka mwaka 2022, kadi zilipoongezeka madukani na uchimbaji ulipopoteza faida. Haikushushwa na askari.

Sisi tulilijua somo hilo mapema. Tulikuwa na Tume ya Bei tangu miaka ya 1970, na foleni hazikwisha. Machi 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, Serikali iliendesha msako mkali dhidi ya wahujumu uchumi. Bidhaa zilizofichwa zilifichuliwa, na nyingine zilitupwa vichakani na wenyewe kwa hofu. Lakini zilipokwisha kugawiwa, rafu zilibaki tupu. Zilianza kujaa baada ya 1984, wenye fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuleta bidhaa kutoka nje.

Kwa hiyo tunaipongeza Sheria ya Fedha ya 2024, iliyoupa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula uwezo wa kuhifadhi sukari. Akiba haiozi, wahenga walisema. Lakini akiba iliyo mbali haimsaidii mtu wa Ukara. Tunashauri sehemu yake iwekwe kandokando ya Ziwa kabla ya masika, wakati viwanda husimama, na vibali vya kuagiza vitolewe kabla ya rafu kuwa tupu.

Aidha, bei elekezi za visiwani zionyeshe wazi gharama ya usafiri, ili mwananchi ajue ipi ni nauli na ipi ni tamaa. Na maofisa wanapokagua, wadai stakabadhi kuanzia kwa mfanyabiashara wa jumla. Anayeficha mzigo aadhibiwe bila huruma. Kumkamata muuza kilo moja moja huku ghala la mkubwa wake halijafunguliwa ni kufukuza kivuli.

Nanyi ndugu zetu wa visiwani, daini stakabadhi, msinunue kwa hofu zaidi ya mahitaji yenu, na tumieni vyama vyenu vya ushirika kununua kwa pamoja wakati bidhaa ni tele. Dawa ya mlanguzi ni ghala lenye mzigo kabla mvua hazijaanza.