Herufi ndogo, shamba kubanana

Kijitabu chetu cha mahindi tulikipiga pointi 8 ili fotokopi isitumalizie franka. Tuliandika 75 × 25 cm. Mstari ukakatika nyuma ya 75, chini ikabakia 25 cm peke yake. Mama mmoja hapa Kamina akapanda mistari yote kwa 25. Mahindi yakabanana, yakazaa kidogo. Kosa letu, si lake.

Sasa tunaweka pointi 11, mstari hadi mstari pointi 14, herufi 60 hivi kwa mstari. A4 ikikunjwa mara moja inaleta kurasa 4 za A5, basi hesabu ya kurasa igawanyike kwa 4. Marje ya ndani izidi kidogo. Na namba visiachane na kipimo chake: mu Word, fina Ctrl+Shift+Space kati yao.