Mkunga Chotara wa Iceland

Mikunga wa jenasi Anguilla ni samaki warefu wenye umbo la nyoka. Huishi miaka mingi kwenye mito na maziwa, kisha hurudi baharini, huzaa mara moja na kufa. Bahari ya Atlantiki ina spishi mbili: mkunga wa Ulaya, Anguilla anguilla, apatikanaye kuanzia Norwei hadi Afrika Kaskazini, na mkunga wa Marekani, Anguilla rostrata, apatikanaye kuanzia Greenland hadi Karibi. Wote huzaa katika Bahari ya Sargasso. Mwanasayansi wa Denmark, Johannes Schmidt, alilibaini hilo mwanzoni mwa miaka ya 1920, baada ya miaka mingi ya kuvua lava, yaani watoto wachanga, wa mikunga na kuwafuata wale wadogo zaidi hadi karibu na walikoanguliwa.

Kwa macho, spishi hizi mbili hufanana sana. Kinachozitenganisha ni pingili za uti wa mgongo: mkunga wa Ulaya huwa na wastani wa pingili 114 au 115, yule wa Marekani 107. Kijeni zilianza kuachana takriban miaka milioni 3.4 iliyopita, karibu na wakati shingo ya nchi ya Panama ilipofunga njia kati ya bahari mbili na kubadili mikondo ya Atlantiki.

Lakini hakuna ukuta baharini. Maeneo ya kuzalia yanaingiliana, na misimu pia. Wanaoachana ni watoto. Lava, aliye bapa kama jani na mwangavu kama kioo, huchukuliwa na mkondo wa bahari. Wa Marekani hugeuka mkunga mdogo na kuelekea pwani katika muda wa takriban mwaka mmoja. Wa Ulaya huendelea na safari hadi miaka miwili au zaidi. Anayegeuka mapema mno au kwa kuchelewa hujikuta katikati ya bahari, mbali na mto wowote. Kwa hiyo jeni zinazopanga muda wa kukua huenda ndizo zinazoamua nani atafika pwani, na wapi.

Iceland iko kaskazini, kati ya Ulaya na Marekani, na huko ndiko machotara wa spishi hizi mbili hupatikana kwa wingi. Namna ya kuwatambua ni kulinganisha urithi wa aina mbili. Vinasaba vya mitokondria hutoka kwa mama peke yake, ilhali vile vya kiini cha seli hutoka kwa wazazi wote wawili. Mkunga mwenye mitokondria ya Marekani, lakini kiini chenye alama za spishi zote mbili, ana asili ya Marekani kwa upande wa mama na ukoo wake umechanganyika. Mwaka 1990, John Avise na wenzake walitumia mbinu hii pamoja na hesabu ya pingili kuonyesha kuwa baadhi ya mikunga wa Iceland wana urithi wa Marekani. Utafiti wa mwaka 2006 ulikuta takriban asilimia 15 ya mikunga waliochunguzwa kisiwani humo ni machotara, na baadhi yao hawakuwa kizazi cha kwanza. Chotara, basi, ana uwezo wa kuzaa.

Hata hivyo spishi hazijayeyukiana. Ndani ya spishi moja mchanganyiko ni kamili: mkunga wa Norwei na wa Morocco hawatofautiani kijeni, kwa kuwa wote huzaliana katika kundi moja. Kati ya spishi mbili, sehemu kubwa ya jenomu hutofautiana kidogo, ila sehemu chache hutofautiana kabisa. Miongoni mwa jeni zinazoshukiwa kulinda mpaka huo ni zile za kimeng'enya kinachotengeneza nishati ya seli. Sehemu zake nyingine huandikwa na mitokondria, nyingine na kiini. Zikitoka koo tofauti huenda zisishikamane vizuri, jambo zito kwa samaki anayesafiri maelfu ya kilomita bila kula.

Hali hii haiko Atlantiki tu. Mwaka 2020 watafiti waliochunguza jenomu za mikunga wa kitropiki, akiwemo Anguilla marmorata ambaye hufika hadi mito ya Afrika Mashariki, walionyesha kwamba spishi kadhaa zimekuwa zikichanganyika kwa takriban miaka milioni 10 bila kupoteza mipaka yake. Machotara huzaliwa na baadhi huzaa, lakini uteuzi wa asili hupunguza urithi wao kizazi baada ya kizazi, na kila spishi hubaki ilivyo.