Maabara Iliyotoka Gengeni

Mwalimu anachemsha maua makavu ya rozela, yale yale ya juisi, mpaka maji yanakuwa rangi ya damu ya mzee. Anayagawa katika glasi mbili. Ya kwanza anaikamulia limau, wekundu unang'aa. Ya pili anatia magadi soda kijiko kimoja. Povu linapanda, na anapokoroga, wekundu unatoweka, unakuja ukijani wenye ubuluu. Wa madawati ya nyuma wamekwishasogea mbele bila kuitwa.

Hapo somo la asidi na besi limeanza, na vifaa vyake vyote vimetoka gengeni. Rangi ya rozela ni kemikali iitwayo anthosayanini, ambayo hubadilika kulingana na uchachu wa kilichotiwa ndani yake. Mtoto aliyeliona hilo kwa macho yake anaweza kwenda kujaribu maji ya majivu, siki au sabuni nyumbani, na kurudi na jibu ambalo halimo katika daftari la mtu.

Tanzania ilizieneza sekondari za kata kwa kasi kuanzia 2004, chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES). Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete akaagiza kila moja iwe na maabara tatu: fizikia, kemia na baiolojia. Wananchi wakachangishwa, matofali yakapanda. Lakini jengo ni jambo moja, na bureti, kemikali na maji ya bomba ni jambo jingine. Ndiyo maana mwalimu mbunifu wa kijijini hajui aibu ya kuokoteza. Bomba la sindano lisilo na sindano linapima ujazo, na ukiliziba mdomo kwa kidole kisha ukalisukuma, hewa iliyobanwa inakusukuma nawe. Kanuni ya Boyle inaingia kupitia kidole gumba. Gamba la betri kuukuu ya tochi mara nyingi ni zinki. Litie katika asidi ya betri ya gari iliyozimuliwa, utapata haidrojeni, ambayo ikikutana na njiti ya kiberiti inalia "pwa!" (Kazi hii ni ya mwalimu, si ya mtoto peke yake uani. Asidi hiyo inatoboa nguo na kuunguza ngozi, na siku zote asidi ndiyo humiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi.)

Mfano mkubwa kuliko yote, hata hivyo, ulizaliwa kwenye friji. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu, Sekondari ya Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: maziwa huchemshwa, hutiwa sukari, huachwa yapoe, ndipo yaingie frijini. Nafasi zilikuwa za kugombania. Kwa kuogopa kukosa, Mpemba akaingiza yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake aliyeingiza ya baridi bado.

Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganya mambo. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine alilifanyia mzaha swali lile. Mpemba hakubishana sana. Alichukua bikari mbili, maji ya moto na ya baridi, akajaribu tena. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alipoitembelea shule hiyo, kijana akalitoa tena swali lake, wenzake wakacheka. Osborne akaenda kulijaribu. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education, na jambo lenyewe likaitwa athari ya Mpemba. Wanasayansi wangali wanabishana kama kweli lipo.

Basi mzazi unayekwenda kikao cha shule, ukishauliza wastani wa mwanao, muulize mwalimu na hili: muhula huu mtoto ameshika nini kwa mikono yake? Na ukiambiwa rozela imekwisha, genge unalijua lilipo.