Kutoka Pointi hadi Elektroniki: Kuboresha Uwashaji wa Magari ya Zamani

Injini ya petroli hupata nguvu kwa kuunguza mchanganyiko wa hewa na mafuta ndani ya silinda, na cheche inayouwasha mchanganyiko huo haina budi kutokea kwenye plagi kwa wakati wake hasa, kwani ikichelewa nguvu hupungua na ikiwahi mno injini hugonga. Katika magari mengi ya zamani, wakati huo hupangwa na vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana, ambavyo mafundi huviita pointi. Mfumo huo, ulioasisiwa na mhandisi Mmarekani Charles Kettering na kutumiwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1910, umeitumikia dunia kwa miongo mingi. Hata hivyo, mwenye gari la zamani anayetaka liendelee kufanya kazi barabarani ana sababu nzuri za kuuboresha.

Mfano unaofaa ni Land Rover Series III, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985 na inayofahamika sana Afrika Mashariki. Injini yake ya petroli ya lita 2.25 ina silinda nne, nayo hupokea umeme kupitia distribyuta, yaani kifaa kinachozungushwa na injini ili kuigawia kila plagi umeme kwa zamu. Pointi zikigusana, umeme wa betri hupita katika koili, ambamo waya mnene na waya mwembamba zimezungushwa kwenye chuma kimoja, na hapo nguvu ya sumaku hujengeka. Kamu ya distribyuta ikizitenganisha pointi, mkondo hukatika, nguvu hiyo hutoweka ghafla, na waya mwembamba huzalisha maelfu ya volti yanayoruka kwenye plagi. Kondensa, iliyo kando ya pointi, hupokea umeme ambao ungeziunguza na hivyo husaidia mkondo ukatike mara moja.

Udhaifu wa mpango huu ni msuguano. Injini hiyo inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi hufunguka na kufunga mara 100 kila sekunde, yaani mara 360,000 kwa saa moja. Kisigino cha pointi kinachosuguana na kamu hulika, nafasi inayotakiwa kuwa takriban milimita 0.4 hupungua, cheche huchelewa, na nyuso zinazogusana huchimbika. Kwa kuwa hali hii huja polepole, dereva huizoea, akadhani kwamba ulaji wa mafuta na uzito wa kupanda milima ni uzee wa gari, ilhali ni kasoro inayorekebishika.

Uwashaji wa kielektroniki huondoa mguso huo. Katika aina iliyoenea zaidi, pete yenye sumaku huvishwa kwenye kamu chini ya rota ya distribyuta, na mahali pa pointi hufungwa kihisio kinachotambua kila sumaku inapopita, kwa kanuni iliyogunduliwa na Mmarekani Edwin Hall mwaka 1879, kisha transista hukata mkondo wa koili. Distribyuta, koili na nyaya za plagi hubaki pale pale, na kwa kawaida kazi ya kuunganisha ni ya waya mbili tu kwenye koili.

Hata hivyo, wepesi wa kazi usimfanye fundi aruke ukaguzi. Kwanza, ajue ni upande gani wa betri uliounganishwa na bodi, kwa sababu Land Rover za awali zilitumia upande chanya na Series III hutumia upande hasi, na kifaa kikifungwa kinyume huweza kuungua papo hapo. Pili, apime ukinzani wa koili: kwenye volti 12, koili ya omu 3 hupitisha ampea 4, lakini ya omu 1.5 hupitisha ampea 8, kiasi ambacho vifaa vingi havikistahimili. Tatu, atumie nyaya za plagi zenye ukinzani, maana zile za shaba tupu huweza kuvuruga kihisio. Mwisho, aupange upya wakati wa cheche kwa taa maalumu, na swichi isiachwe ikiwa imewashwa wakati injini imezimwa.

Ikumbukwe pia kwamba badiliko hili haliponyi kabureta chafu wala distribyuta iliyolegea, na injini ambayo pointi zake zimepangwa vizuri haitaongezewa nguvu kwa kiasi kikubwa; faida yake ni kwamba mpangilio sahihi hudumu. Aidha, pointi huchoka taratibu na kutoa dalili, lakini kifaa cha kielektroniki huweza kufa ghafla, kwa hiyo pointi na kondensa nzima ziwekwe garini pamoja na bisibisi. Tahadhari hiyo ndiyo inayoonyesha ubora wa badiliko lenyewe: hakuna chuma kinachokatwa wala tundu linalotobolewa, na mmiliki yeyote ajaye anaweza kulirudisha gari katika hali lililotoka nayo kiwandani.