Mswada Ukikataliwa

Hapa Kakese, Mpanda, sisi tunaoandika usiku baada ya kutoka kwenye majaruba ya mpunga hatuna wakala wa kututafutia mchapishaji. Mawakala wa vitabu ni nadra Tanzania. Mwandishi hupeleka mswada mwenyewe, kisha husubiri. Riwaya yangu ilikataliwa kwa barua fupi isiyo na sababu. Iliniuma sana.

Nimejifunza kutazama hesabu za mchapishaji: karatasi, uchapaji na usafirishaji hulipiwa kabla nakala moja haijauzwa, na soko kubwa ni vitabu vya shule. Hivyo hata mswada mzuri hukataliwa. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alihangaika miaka mingi kabla riwaya yake ya kwanza haijatoka 1987. Mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobeli.

Ukikataliwa, weka mswada kando wiki kadhaa, mpe msomaji mkweli, kisha urekebishe. Bisha hodi kwingine pia: Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza 2023, au ya Safal-Cornell, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Na kitabu cha pili kianze leo. Usingoje majibu ya cha kwanza.