Nati Hukazwa Kabla ya Safari



Sisi wa viwandani na mashambani twalijua vizuri gurudumu la lori na la trekta. Likilegea, mzigo haufiki na mtu huumia. Leo tutazame gurudumu la gari ambalo wengi wetu hatutalipanda: Ferrari F355, iliyoundwa Maranello, Italia, tangu mwaka 1994 hadi 1999. Mwendo wake hufika kilomita 295 kwa saa.

Wenye magari ya namna hii hupenda kuyabadilisha kidogo, bila kelele. Hushusha springi milimita chache, tena huvua rimu zilizokuja na gari na kufunga za kiwanda kingine. Mwenye busara huziweka zile za kwanza stoo, kwa kuwa siku ya kuuza mnunuzi ataziulizia.

Kwa nini kubadilisha rimu? Wapo wanaotaka sura tu. Lakini iko sababu ya kifundi. Uzito wa gurudumu haubebwi na springi. Gurudumu zito likipiga tuta huchelewa kurudi chini. Jepesi hushika barabara upesi. Rimu ya kawaida hutengenezwa kwa alumini iliyoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Rimu bora hufuliwa: pande la alumini moto hukandamizwa na mashine yenye nguvu nyingi mpaka madini yashikamane. Hapo rimu yaweza kuwa nyembamba na bado ikawa imara.

Fedha ya tajiri haitoshi kuifunga. Yahitaji fundi mwenye vipimo. Boliti 5 za Ferrari hiyo zimepangwa katika duara la milimita 108, na tundu la katikati ni milimita 67.1. Tundu la rimu mpya likiwa pana zaidi, fundi hutia pete ya kujaza nafasi, la sivyo usukani utatetemeka. Hupima pia rimu inaingia ndani kiasi gani: ikizidi ndani hugusa breki, ikizidi nje tairi hukwaruza bodi. Tairi la nyuma ni 265/40 ZR 18, yaani upana wa milimita 265, ubavu wenye kimo cha asilimia 40 ya upana huo, na rimu ya inchi 18.

Kisha husafisha uso wa habu na kukaza boliti kwa kuvuka upande hata upande, si kwa kuzunguka. Humalizia kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Baada ya kilomita chache hupima tena.

Miongoni mwa rimu zinazopendwa kwa kazi hii ni za BBS, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1970 katika mji mdogo wa Schiltach, Ujerumani. Mwaka 1992 magari ya mashindano ya Ferrari yenyewe yalikimbia kwa rimu zake za magnesi iliyofuliwa. Jina hilo likajulikana duniani kote.

Je, sifa hiyo iliwalinda walioifanyia kazi? Mwaka 2007 kampuni ilikwenda mahakamani kusema imeshindwa kulipa madeni. Ikawa hivyo tena 2010, tena 2020, na tena 2023. Mwenye mali alibadilika, mara Mbelgiji, mara Mkorea, mara Mjerumani mwenzao. Rimu ziliendelea kung'aa madukani, lakini aliyesimama mbele ya mashine hakujua mshahara wa mwezi ujao utatoka kwa nani.

Hata hivyo wenzetu hao hawakuwa mikono mitupu. Tangu mwaka 1974 sheria ya nchi yao ina mfuko wa kulipa mishahara mwajiri anapofilisika. Mfanyakazi hulipwa mshahara wake wa hadi miezi 3 ya mwisho ambao hakuupata, na fedha hizo huchangwa na waajiri. Miezi 3 si maisha, lakini ni unga na kodi ya nyumba wakati mtu anatafuta njia.

Hapo ndipo penye funzo kwetu. Bidhaa kuwa na jina si dhamana ya mshahara. Kiwanda chaweza kusifiwa na bado kikafungwa. Shamba laweza kuvuna vizuri na bado likauzwa. Basi, ndugu, katika mkutano ujao wa tawi muulize mjumbe wako: mkataba wetu unasema nini siku mwajiri akishindwa kulipa? Nani atalipwa kwanza, benki au sisi? Kama hausemi lolote, na lisemwe sasa, mashine zingali zinazunguka. Fundi hakazi nati gari likiwa mwendoni.